Kumimina kulanti ni dakika kumi, kutoa hewa ndiko kunakolipiwa

Lalamiko linalofika kwenye gereji yetu hapa Malindi ni lile lile, mwenye kulileta ndiye hubadilika. "Elfu nne kwa kumimina maji?" Safari hii limekuja kwa ujumbe wa simu kutoka kwa mwenye Toyota Aqua wa upande wa Maweni, anayeona ameibiwa kwa sababu jirani yake alitiwa kulanti, yale maji ya kupoza injini, kando ya barabara kwa shilingi mia tano, robo saa, akaenda zake. Swali lake ni halali, na ni afadhali tulijibu mara moja mbele ya watu wote kuliko kulijibu kila siku dirishani.

Tuanze na tunachokubaliana naye. Kumimina kulanti ni kazi ya dakika kumi, na kwa kumimina peke yake hata hiyo mia tano ni nyingi. Sisi hatutozi kumimina. Tunatoza kutoa hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, na kwenye haibridi, gari la petroli na umeme pamoja, hewa haitoki kwa kubembelezwa.

Gari la kawaida lina pampu ya maji inayozungushwa na mkanda. Injini ikinguruma, pampu inazunguka. Fundi anaacha mfuniko wazi, anaminyaminya hosi ya juu, mapovu yanapanda, anaongeza, anafunga. Fundi yeyote wa Malindi aliyekulia chini ya Probox anaijua kazi hiyo akiwa amefumba macho. Sasa mpe Aqua, Prius ya 2010 kuja juu, au Fielder ya haibridi. Mkanda hakuna. Pampu ni ya umeme, inazunguka kompyuta inapotaka na kwa kasi inayotaka. Na injini yenyewe haikubali kukaa ikiwaka: gari limesimama, betri kubwa ina chaji, inajizima. Thamostati, valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, kwa injini hizi hufunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu. Injini ikizima kabla ya hapo, maji hayajapita kwenye rejeta hata mara moja. Fundi anaona kimya, anaona tangi limejaa, anafunga mfuniko na kupokea hela yake. Hajakudanganya, gari ndilo lililomdanganya yeye.

Hewa iliyobaki huenda kukaa mahali pa juu na pembamba: kwenye rejeta ndogo ya hita nyuma ya dashibodi, kwenye kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) nyuma ya injini, na juu kwenye silinda hedi, pale pale penye moto mkali. Ukiwasha gari asubuhi ukasikia maji yakibwabwaja nyuma ya redio kama mtu anayesukutua, hiyo ndiyo hewa. Kwa hapa kwetu dalili hiyo huwa ya kwanza, kwa sababu dalili ya pili, hita kutoa upepo baridi, hakuna anayeiona. Nani anawasha hita Malindi?

Na nyingi za haibridi hizi hazina mshale wa joto. Kuna taa tu. Ikiwaka nyekundu, shughuli imeshaanza ndani. Ubaya zaidi, sensa ya joto imetengenezwa ilowe majini. Ikikutana na povu inaweza kusoma joto la chini huku chuma kilicho karibu nayo kinachemka.

Pampu nayo inateseka. Pampu hii ya umeme hupozwa na kulainishwa na kulanti inayopita ndani yake. Ikisukuma hewa inakosa mzigo, inazunguka kwa kasi isiyotakiwa, na kompyuta ya Toyota inaandika msimbo wa hitilafu P148F, maana yake pampu ya injini imezidi mizunguko. Wengi wakiona neno pampu kwenye mashine ya kupima wanauza pampu mpya. Zimeingia hapa gari zilizobadilishwa pampu mara mbili na msimbo ukarudi mara mbili, kwa kuwa hewa ilikuwa haijaguswa. Ukiletewa P148F, uliza kwanza: kulanti ilifunguliwa lini, na nani aliitoa hewa? Msimbo P261B ni hadithi nyingine; huo hulenga utendaji wa pampu yenyewe au nyaya zake, na hapo pampu mpya inaweza kuwa ndiyo dawa.

Kwanza jua unafungua tangi lipi

Chini ya boneti la haibridi ya Toyota kuna mifumo miwili ya kulanti isiyokutana. Mmoja wa injini. Wa pili wa inverta, kile kisanduku cha rangi ya fedha chenye nyaya nene za rangi ya machungwa kinachogeuza umeme wa betri kubwa utumike na mota, na maji hayo hayo ya inverta hupita pia kwenye giaboksi kupoza mota za umeme. Kila mfumo una pampu yake na tangi lake. Ongeza tangi la sabuni ya kioo, tayari ni matatu, yote ya plastiki nyeupe, yote yenye mstari. Kuna waliotia maji ya bomba kwenye tangi la inverta miezi sita mfululizo wakidhani wanaongeza ya injini, na injini ikaendelea kukauka. Kuna waliotia kulanti kwenye sabuni ya kioo, hao hawakuumia isipokuwa kioo kuteleza.

Kiasi pia hutofautiana. Prius ya 2004 hadi 2009 hubeba lita 8.6 upande wa injini na 2.7 upande wa inverta. Ya 2010 hadi 2015 hubeba lita saba na kidogo kwa injini, karibu moja na nusu kwa inverta. Aqua hubeba kidogo kuliko zote mbili upande wa injini. Fundi akikwambia "hii inaingia lita tatu", muulize ni tatu za kujaza au tatu zilizokubali kuingia.

Hapo ndipo tunapoweka mitungi yetu miwili. Ya kwanza tunakingia kulanti ya zamani, ya pili tunapimia mpya, na zote mbili zina alama za nusu lita zilizochorwa kwa kalamu ya wino mzito. Zinakaa kando kando mbele ya mwenye gari. Zimetoka lita 5, zimeingia 3.8, basi lita 1.2 ya hewa iko ndani ya injini yako, hata tangi likijaa pomoni. Kazi haijaisha mpaka mitungi ilingane. Mteja akiona mitungi hii kwa macho yake, mara nyingi swali la elfu nne huishia hapo.

Saa mbili za kazi hii zinakwenda wapi

Injini ipoe kwanza. Mfuniko wa mfumo huu unashikilia shinikizo la karibu bar 1.1, na maji yenye joto la nyuzi 110 chini ya shinikizo hilo hugeuka mvuke papo hapo ukifungua. Mikono na uso vimeungua kwa njia hiyo. Gari pia linazimwa kabisa na ufunguo unawekwa mbali, maana haibridi iliyoachwa kwenye READY, yaani tayari kuondoka, inaweza kujiwasha yenyewe mkono wa fundi ukiwa karibu na feni.

Kisha tunafungua koki ya chini ya rejeta, na ya bloku kwa modeli iliyonayo. Koki ya rejeta peke yake haitoi kulanti yote. Nyingine inabaki kwenye bloku na kwenye hita. Ikiwa ndani kuna kutu au mafuta, tunasafisha kwa maji yasiyo na madini hadi yatoke meupe.

Halafu tunapima kama mfumo unavuja kabla ya kutia tone la kulanti mpya. Tunafunga mashine ya kunyonya hewa kwenye mdomo wa tangi, kompresa inavuta, geji inashuka karibu bar 0.8 chini ya hewa ya kawaida. Hosi zote zinanywea bapa. Tunafunga valvu na kuangalia sindano kwa dakika kumi. Ikirudi nyuma, kuna tundu mahali, na hakuna haja ya kutia kulanti ya pesa ndani ya chujio. Ikisimama, tunafungua bomba la kulanti, na ule utupu unaifyonza mpaka pembe zote. Kwa njia hii sehemu kubwa ya hewa haipati hata nafasi ya kuingia.

Wasio na mashine hii hujaza taratibu kwa faneli, wakiminya hosi, na kwa modeli yenye skrubu ya kutolea hewa wanailegeza mpaka maji yatoke bila povu. Inawezekana. Inachukua muda zaidi na kunahitajika subira.

Kulanti ikishaingia, injini lazima iwake na ikae ikiwaka. Kwenye Toyota kuna hali ya matengenezo ambayo fundi wengi wa barabarani hawaijui, na si siri, kwa hiyo tunaiandika. Gari liwe kwenye P, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Bonyeza POWER mara mbili bila kukanyaga breki, dashibodi iwake lakini READY isitokee. Kanyaga mafuta hadi mwisho mara mbili. Weka N, kanyaga tena mara mbili. Rudisha P, kanyaga mara mbili. Yote hayo ndani ya sekunde 60. Maneno ya matengenezo yakitokea kwenye dashibodi, kanyaga breki ubonyeze POWER: injini inawaka na kubaki ikiwaka, karibu mizunguko 1,000 kwa dakika. Kutoka kwenye hali hiyo ni kuzima gari tu. Usithubutu kuliendesha barabarani likiwa hivyo, giaboksi linaweza kuharibika.

Hita inawekwa kwenye joto la mwisho, feni ya ndani polepole, eyasi (kiyoyozi) imezimwa, kwa sababu eyasi ikiwaka inaamsha feni ya rejeta na kutuchanganya. Fundi anakaa ndani ya gari hilo, Malindi, mwezi wa Machi, hita inapuliza moto usoni. Kwa hilo peke yake tungeweza kutoza zaidi. Anashika hosi ya chini: ikigeuka kutoka vuguvugu kuwa moto, thamostati imefunguka. Anangoja feni ya rejeta iwake na kuzima, kisha iwake na kuzima tena. Kwa mashine ya kupima tunaiamuru pampu izunguke kwa kasi na polepole kwa zamu, ili povu la hewa lililonata kwenye EGR ling'oke. Mlio unasikika: kwanza mkwaruzo kama wa changarawe, baadaye mvumo laini.

Inverta ina jaribio rahisi ambalo hata wewe nyumbani unaweza kulifanya gari likiwa baridi. Weka READY, simama mbali na feni, chungulia ndani ya tangi la inverta. Maji lazima yatikisike na kuzunguka. Yakitulia kama maji ya mtungini, pampu ya inverta imekufa au imekamata hewa, na msimbo utakaofuata ni P0A93. Usiendeshe kwenda Kilifi ukiwa hivyo. Inverta ikizidi joto gari hupunguza nguvu, halafu linakataa kabisa.

Mwisho injini inapoa tena, tunafungua, kiwango kimeshuka kidogo, tunaongeza, tunalipeleka gari hadi Gede na kurudi, tunasoma misimbo. Asubuhi yake tunaomba ulilete dakika tano tu, injini ikiwa imelala usiku kucha, tuangalie mstari. Hiyo ya asubuhi haina malipo na ndiyo watu hawaji.

"Hapa hakuna barafu, maji yanatosha"

Hili ndilo linalotugombanisha zaidi na wateja. Kweli, Malindi haijawahi kuganda. Kulanti ya mchanganyiko wa nusu kwa nusu inayozuia ugandaji hadi nyuzi 37 chini ya sifuri haitusaidii kwa hilo. Lakini mchanganyiko huo huo huchemka karibu nyuzi 107 pasipo shinikizo, ambapo maji matupu huchemka kwa 100, na tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji ukiwa na abiria watano na eyasi kwenye mlima wa Kaloleni. Tena ndani yake mna dawa za kuzuia kutu. Injini hizi ni alumini, rejeta ni alumini, hita ni alumini.

Na maji yenyewe ni maji gani? Mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi na chokaa. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Ukoko huo huo unajijenga ndani ya rejeta, kwenye vijia vyembamba kuliko utambi wa taa. Chumvi inatoboa alumini kutoka ndani, upepo wa bahari unaila kutoka nje, na rejeta inaanza kulegea upande wa chini mapezi yakipukutika kama biskuti. Ikibidi uchanganye kulanti nzito, tumia maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Si asidi ya betri, tafadhali. Kuna aliyeleta asidi.

Toyota inatumia kulanti ya pinki iliyochanganywa tayari kiwandani, haiongezwi maji. Ikiwa haijachezewa, injini hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, inverta kwenye 240,000, na baada ya hapo kila 80,000. Honda, kama Fit na Vezel, hutumia ya buluu. Rangi hata hivyo si ushahidi. Ya kijani kwenye mtungi usio na jina inaweza kuwa maji na rangi tu. Tunaipima kwa refraktomita, kidude cha kuchungulia kama darubini ndogo: tone moja, unaona mstari umesimama wapi. Tumepima iliyosimama kwenye sifuri, yaani maji.

Njia za mkato

Ya kwanza ni kutoa thamostati, "maana Pwani kuna joto". Kwenye haibridi kosa hili linakula mafuta. Kompyuta hairuhusu injini kuzima ovyo mpaka ipate moto wake. Bila thamostati, moto huo hauji au unachelewa, injini inawaka muda wote, taa ya injini inakuja na P0128, na mwenye gari anashangaa haibridi yake inakunywa kama Probox.

Ya pili ni kuunga feni moja kwa moja kwenye betri. Betri ndogo ya volti 12 ya haibridi si ya mzigo huo. Siku moja inaisha, gari haliji READY, na utaambiwa betri kubwa imekufa.

Ya tatu ni dawa ya kuziba, ya kopo au ya nyumbani: ute wa yai, unga wa bizari, sabuni ya kipande. Inaziba kweli. Inaziba hita na kipozeo cha EGR pamoja na tundu. Kwa Prius ya 2010 hadi 2015 hilo ni hatari zaidi, kwa kuwa EGR yake tayari ina tabia ya kuziba masizi upande wa moshi, na gasketi ya silinda hedi ya injini hiyo inajulikana kwa kuachia.

Na hapa tuseme ukweli ambao hauna faida kwetu: si kila kupungua kwa kulanti ni hewa. Ikiwa gari linatetemeka na kugonga sekunde chache kila asubuhi ukiliwasha, kisha linatulia, na tangi linashuka bila kudondosha tone chini, usitulipe kutoa hewa. Kulanti huenda inaingia ndani ya silinda usiku. Tunaupa mfumo shinikizo la bar 1 ukalala nalo, na tunapima hewa ya tangi kwa kimiminika cha buluu ambacho hugeuka manjano kikikutana na moshi wa injini. Kikigeuka, mazungumzo ni ya gasketi, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Bei basi, kwa maandishi: kazi ya upande wa injini ni shilingi 4,000, inverta peke yake 2,500, zote mbili siku moja 5,500. Kulanti unalipia lita zilizoingia, na kilichobaki kwenye mtungi unaondoka nacho. Ukileta kulanti yako tunaitia, baada ya kuipima mbele yako. Mfumo ukionekana unavuja kwenye jaribio la utupu, tunasimama hapo na unalipa 1,000 ya jaribio tu.

Kwa wateja wa Lamu mnaoacha magari Mokowe wiki mbili tatu: angalieni tangi zote mbili kabla ya kuwasha, si baada ya kufika Witu. Na kila mmoja alete gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukija saa saba mchana umetoka Mombasa moja kwa moja, utakaa kwenye benchi mpaka ipoe, na muda huo wa kungoja hatuutozi.